Mkaguzi wa Wasiokula

Alifutiwa leseni kwa kosa la kuwaacha kondoo mia mbili tisini na watatu wapandishwe meli bila kufaa kwa safari, ilhali katika boma zima lenye wafanyakazi sitini na wawili, yeye peke yake ndiye aliyesema wasipandishwe. Mtu mwenye haraka anaweza kuishia hapo, kwa kuwa lalamiko limekwisha kutajwa. Lakini dhuluma yenye muhuri haielezeki kwa sentensi moja. Huwa imepita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akaibeba hatua mbili tatu, akampokeza mwenzake, akanawa.

Wenzake walimwita Bi Jicho. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mjane, mwenye mabuti ya mpira yaliyomzidi kipimo, na alipopita kati ya mazizi alifunga mikono nyuma kama mwalimu anayesimamia mtihani. Madereva wa malori walipenda kumtania kwamba ni heri hakujaliwa mtoto wa kiume, maana hakuna mkwe ambaye angethubutu kubakiza tonge mbele yake.

Boma lilikuwa nyuma ya maghala ya saruji, umbali wa kutembea kwa miguu hadi bandarini: mazizi arobaini ya mabomba ya chuma, mapaa ya mabati yasiyo na kuta, na hori refu la kulishia katikati ya kila zizi. Kondoo walifika kwa malori kutoka mashambani na kukaa siku saba kabla ya kupakiwa. Siku hizo hazikuwa za mapumziko; zilikuwa shule. Kondoo aliyezaliwa malishoni hajui punje ni nini, vile vipande vigumu vya rangi ya udongo vinavyotoka kiwandani ndani ya magunia, na safari ya baharini ya siku kumi na sita haina majani. Asiyejifunza kula punje bomani hatajifunza melini. Watu wa nje hudhani kondoo wa biashara hufa kwa mawimbi, au kwa joto la chini ya sitaha. Joto lipo, na linaua. Lakini wengi hufa kwa sababu nyepesi kuliko hiyo: wameacha kula, na hakuna aliyegundua.

Kugundua ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwa miaka ishirini na miwili. Si kazi rahisi kama inavyosikika, kwa sababu asiyekula hajitengi akajitangaza. Kondoo ni mnyama wa kundi. Wenzake wakikimbilia hori naye hukimbia, huingiza kichwa, hugusa punje kwa midomo, kisha hutoa kichwa na kusimama hapo hapo kwa heshima zote. Anayehesabu vichwa horini ataandika kwamba amekula. Bi Jicho hakutazama vichwa. Alisimama nyuma yao na kutazama ubavu wa kushoto, mahali ambapo tumbo la aliyeshiba hujaa kama mto wa kulalia, na la asiyeshiba huacha shimo linaloweza kupokea ngumi. Baada ya saa mbili alirudi tena, wakati kundi limelala likicheua, akatafuta taya zisizotembea. Aliyemwona mara mbili alimshika chini ya kidevu na kumchora mstari mmoja wa chaki ya buluu, kutoka utosini hadi shingoni. Siku ya kupakia, kondoo walipitishwa mmoja mmoja katika njia nyembamba ya mbao, na aliyeshika lango la pembeni alilifungua kila alipoona buluu. Waliotengwa walirudishwa malishoni. Hivyo tu.

Kwa nini chaki? Hapa pana jambo ambalo mtu asiyekulia kati ya kondoo asingelifanya. Baba yake alikuwa mfugaji wa sufu, na nyumbani kwao kulikuwa na amri moja iliyotamkwa kwa uzito ambao wazazi wengine huuweka katika kumkataza mtoto asicheze na moto: rangi haigusi sufu. Rangi ya kopo haitoki kwa kuoshwa. Sufu moja yenye doa huharibu robota zima, na mnunuzi hulirudisha lote. Kaka yake, alipokuwa na miaka tisa, aliwahi kumpaka mwana-kondoo wake rangi ya geti ili asichanganyike na wa wengine. Baba alimnyoa mnyama yule papo hapo, akafukia sufu shimoni bila kusema neno, na watoto wote wawili wakajifunza. Kwa hiyo, mwaka wake wa kwanza bomani, binti yule wa mfugaji alipokabidhiwa kazi ya kutia alama, aliagiza chaki. Kondoo wale walikuwa wanakwenda kuchinjwa. Hakuna ambaye angepima sufu yao. Stoo ilikuwa na makopo kumi na mawili ya rangi nyekundu ya mifugo, yaliyoletwa na wizara, na hakuna aliyeyafungua. Hata daktari wa mifugo, aliyekuja kila wiki kugonga muhuri, hakuuliza. Chaki ikawa desturi ya boma.

Siku iliyotangulia kupakiwa kwa kundi lile, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na kondoo walikuwa na matope hadi masikioni. Bi Jicho alimaliza ukaguzi adhuhuri. Akajaza fomu: wasiofaa mia tatu na kumi na wawili, wametiwa alama. Akatia sahihi, akampa meneja, akapanda mazizi ya juu kupokea malori ya shehena iliyofuata.

Saa kumi alasiri meneja alipigiwa simu kwamba mwakilishi wa wanunuzi angefika asubuhi kutazama upakiaji, akiwa na kamera. Meneja alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye shahada mbili na viatu visivyojua matope, na wala hakuwa mtu mbaya. Aliwaona kondoo wachafu. Akaamuru mipira ya maji ifunguliwe. Waliwaosha kondoo elfu sita hadi jua likatua. Walioshika mipira walisimulia baadaye kwamba maji yaliyotiririka mferejini yalikuwa na buluu kidogo, wakadhani ni dawa.

Asubuhi Bi Jicho alipofika langoni, kwato zilikuwa zimekwisha kuanza kugonga mbao. Msimamizi wa upakiaji, ambaye kila mtu alimwita Filimbi kwa sababu alifanya mambo yote kwa filimbi isipokuwa kula na kulala, alikuwa mlangoni mwa njia.

“Filimbi, wenye buluu wako wapi?”

“Buluu gani tena, Bi Jicho? Leo harusi. Mabibi harusi wote wameoga.”

“Nakuuliza waliotiwa alama. Mia tatu na kumi na wawili.”

Filimbi akatoa filimbi mdomoni. “Sijaona hata mmoja. Nikasema labda safari hii wamekula kwa adabu.”

Alikwenda kwa meneja, aliyesimama kando ya mwakilishi wa wanunuzi, akamvuta pembeni kwa kiwiko kama mtu anavyomvuta mdogo wake msibani.

“Simamisha. Wamefutika wote. Niwapitie upya.”

“Kwa muda gani?”

“Siku mbili. Lazima niwaone wakila.”

“Mama, meli ile imekodiwa kwa saa. Haiwezi kungoja siku mbili za kutazama matumbo.”

“Basi watakufa.”

“Mama yangu, taratibu.” Alitazama nyuma kuona kama mgeni amesikia. “Si wewe ndiye mwenye jicho? Kasimame pale njiani. Wanavyopita, wachomoe.”

Akaenda kusimama. Kondoo waliolowa, wanaokimbia, kila mmoja pua yake mkiani mwa mwenzake, hupita kwa kasi ya sita katika kuhesabu moja hadi kumi. Na tumbo linalokimbia halina shimo. Alichomoa kumi na tisa. Saa nane mchana mlango wa meli ulifungwa, Filimbi akapuliza mara ya mwisho, na mtu akamletea Bi Jicho chai ambayo aliishika hadi ikapoa. Kisha akapanda mazizi ya juu. Kulikuwa na malori.

Wahenga walisifu kufa kikondoo, kufa kimya bila kulalama, wakasema ndiko kufa kiungwana. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi bomani. Mbuzi angepiga kelele, na mabaharia wangekwenda kutazama. Kondoo wale walilala chini, wakainamisha vichwa, na kuanzia siku ya saba wakaanza kutupwa baharini. Baharia mmoja alipiga picha kwa simu yake. Picha zikasambaa, nchi iliyonunua ikalalamika, wizara ikaunda kamati ya watu watatu, na kamati ikaomba fomu. Fomu ilikuwa na sahihi moja.

Siku mbili kabla ya kufika mbele ya kamati, kaka yake alikuja kumwona katika vyumba viwili vya kampuni alimokuwa akiishi. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitatu na ndiye aliyerithi shamba la baba. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaomba maji, akaizungusha bilauri bila kunywa.

“Dada, watakuuliza.”

“Wataniuliza.”

“Utasema ni meneja aliyewaosha?”

“Si ndiye?”

“Ndiye. Sijakataa.” Akaweka bilauri chini. “Nina kondoo mia nne wanangoja meli ya mwezi ujao. Majani yamekwisha, dada. Nimewalisha hadi mabua ya paa. Kampuni ni hii moja, mlango ni huu mmoja. Ukimtaja meneja, nani atapokea kondoo wa kaka wa mtu aliyemtaja?”

“Na mimi je?”

“Wewe watakukaripia. Miaka ishirini na miwili! Watakupa barua ya onyo, utaiweka kabatini. Mimi wangu watakufa zizini.”

Hakuna aliyepaza sauti. Alipokwenda kuiweka bilauri sinkini, Bi Jicho alijaribu kutafuta ndani mwake hasira aliyoijua, akakuta mahali pake pametulia kama chumba kilichohamwa. Alisema, “Sawa, kaka.” Hakusema ni nini kilicho sawa.

Kamati ilikaa tarehe kumi na nne Agosti 2018, katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu, jagi la maji lililofunikwa kwa kitambaa, na feni iliyogonga kitu kila ilipozunguka. Mwenyekiti alikuwa mpole. Upole huo unastahili kuandikwa, maana watu hudhani uonevu huja na makelele.

“Mama, alama ulizotia zilikuwa za nini?”

“Chaki.”

“Stoo ilikuwa na rangi isiyofutika?”

“Makopo kumi na mawili.”

“Ulijua yapo?”

“Niliyapokea mwenyewe.”

“Basi kwa nini hukuyatumia?”

Alifikiri. Angeweza kusema mambo mengi. Akasema lililo kweli: “Rangi haigusi sufu.”

Mjumbe wa kushoto alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anavyocheka mtoto akisema mwezi unamfuata. Mwandishi akaandika. Waliuliza kuhusu fomu, kuhusu tarehe, kuhusu mafunzo yake. Hawakuuliza nani alifungua mipira ya maji. Hawakuuliza kwa nini mtu aliyekagua vibaya alikuwa njiani asubuhi akichomoa kondoo kwa mikono. Meneja alikaa safu ya nyuma na kutazama magoti yake tangu mwanzo hadi mwisho.

“Una la kuongeza, mama?”

Feni ikagonga. Mbele yake palikuwa na neno moja tu, maji, na baada ya neno hilo kulikuwa na zizi la kaka yake, kondoo mia nne, na mabua ya paa. Mwenyekiti alingoja kwa muda wa kutosha. Hata hilo haliwezi kulaumiwa.

“Sina,” alisema.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki moja. Haikuwa barua ya onyo. Leseni yake ya ukaguzi ilifutwa kwa uzembe wa kutotumia alama ya kudumu iliyotolewa, na asiye na leseni haruhusiwi kuingia mazizini, na asiyeingia mazizini hana kazi bomani, na asiye na kazi bomani hana haki ya vyumba viwili. Mambo hayo manne yaliandikwa katika karatasi moja, nusu ukurasa.

Akahamia kwa kaka yake, katika chumba cha nyuma alimozaliwa. Alifagia uwanja ambao tayari ulikuwa umefagiliwa. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja kwa mkunjo mwingine. Wifi yake, mke wa kaka, mwanamke mwenye mdomo usiofungwa kwa komeo, alimvumilia siku nne. Siku ya tano aliweka mkono kiunoni.

“Wifi, usinifanyie ukondoo hapa. Naona unachezea sahani tu.”

“Nimekula.”

“Umegusa kwa midomo ukatoa kichwa. Kazi yako umenifundisha mwenyewe, sasa unanidanganya kwayo?”

Bi Jicho alitabasamu, kwa sababu alijua kwamba hapo watu hutabasamu. Akala vijiko vitatu. Wifi alivihesabu kwa sauti.

Malori ya kampuni yalikuja kuchukua kondoo mia nne kama ilivyoahidiwa. Kaka aliwapandisha huku akiimba, na jioni ile alimnunulia dada yake jozi ya viatu, akaviweka mlangoni pa chumba chake bila kubisha. Siku ya nne baadaye alirudi kutoka bomani mchana, akakaa kizingitini, akavua kofia.

“Dada.”

“Naam, kaka.”

“Wameweka mkaguzi mpya. Mtu mzuri. Ana rangi, ana vifaa. Anasimama mbele ya hori anahesabu vichwa.” Akakanda ukingo wa kofia. “Nimewatazama wangu. Kuna wasiokula, lakini mimi siwajui ni wepi. Kampuni imebadili mkataba: atakayefia baharini hasara ni ya mfugaji. Njoo uwaangalie tu. Kwa nje ya ua. Hakuna sheria ya kumkataza mtu kutazama.”

Wifi alikuwa akichambua mboga karibu na mlango. Hakuinua kichwa.

“Wewe mwanamume, ulimwomba mdomo wake ukapewa. Sasa umekuja kuchukua na macho?”

“Mke wangu, tafadhali.”

“Mimi nimesema nini? Nachambua mboga.”

Bi Jicho tayari alikuwa akivaa mabuti.

Walifika wakati wa chakula cha alasiri. Alisimama nje ya ua wa waya, upande wa ghala la saruji, vumbi jeupe likimtua mabegani, na ilimbidi ajishikize kwenye nguzo kwa sababu kutoka pale ardhi ilikuwa chini kuliko mazizi. Punje zilimiminwa. Kundi likakimbilia hori. Filimbi alipita kwa ndani, akasimama, akamtazama aliyekuwa mwenzake kwa miaka kumi na sita akiwa upande wa pili wa waya.

“Bi Jicho.”

“Filimbi.”

“Mimi sijakuona, unanielewa?” Akageuza uso kuelekea bandarini. “Lakini kama ningekuwa nimekuona, ningekuambia tunakukumbuka. Hata wale mabibi harusi wanakukumbuka.”

“Geuka kabisa, basi,” alisema. “Unanizibia ubavu wa kushoto.”

Filimbi akasogea.

Alianza kuwataja. Huyo mwenye sikio lililopasuka. Huyo wa pili kutoka nguzoni. Huyo aliyetoa kichwa sasa hivi, hapana, si huyo, wa nyuma yake. Kaka yake, aliyeruhusiwa ndani kama mwenye mali, aliwashika mmoja mmoja na kuwaburuta hadi langoni. Mkaguzi mpya alikuja na ubao wake wa kuandikia, akasikiliza kidogo, kisha, bila kuuliza, akaanza kuandika alichokisikia. Alikuwa na mwandiko mzuri. Walingoja saa mbili kundi lilale licheue, naye akawataja tena. Wote walikuwa thelathini na saba. Mkaguzi mpya aliandika thelathini na saba na kutia sahihi yake.

“Asante, mama,” alisema kupitia waya.

“Si kitu,” alijibu Bi Jicho.

Njiani kurudi, kaka yake alisema mara mbili kwamba Mungu atamlipa. Yeye alitazama dirishani. Aligundua kwamba mkono wake wa kushoto, uliokuwa umeshika nguzo ya ua, ulikuwa na michirizi ya damu kutoka kwenye waya, na kwamba haukuwa ukiuma. Akaufunika kwa ule mwingine. Baada ya siku hiyo alikwenda uani kila kundi lilipofika; kwanza kwa ajili ya kaka, kisha wafugaji wengine wakaanza kumpitia, kisha ikawa ndivyo kazi inavyofanyika. Hakuna aliyeandika jina lake popote, na hakuna kondoo aliyemtaja ambaye alipandishwa meli.

Tarehe 11 Machi 2021 wizara ilitangaza kanuni mpya za usafirishaji wa mifugo hai. Mkaguzi wa ulaji sasa husimama mlangoni mwa njia hadi kondoo wa mwisho apite, na ana mamlaka ya kusimamisha meli bila kumwomba meneja ruhusa. Nafasi nane za wadhifa huo zilitangazwa siku hiyo hiyo, na sharti la tatu la mwombaji ni kwamba awe hajawahi kufutiwa leseni.